Chipu Imepoa, Kioo Kimezima

Kioo cha kompyuta kilizima saa nane kasoro robo usiku, singeli ikaendelea kupiga.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Kompyuta ninayoijua mimi ikifa inakufa na sauti yake. Hii ilikuwa hai: feni zinazunguka, taa za madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, zinawaka, jamaa kwenye spika anaendelea kutema maneno kama hakuna kilichotokea, ila mbele yangu weusi mtupu. Nikachomoa waya wa kioo, nikauchomeka tena. Nikabadilisha tundu. Wapi. Nikashikilia kitufe mpaka ikakata, nikawasha upya, picha ikarudi kama vile haijawahi kuondoka. Harusi niliyokuwa naitoa, yaani kompyuta inaigeuza kuwa faili la mwisho la video, ilikuwa imefika asilimia 34, na mama wa bibi harusi alishanitumia jumbe nne za sauti siku hiyo.

Mimi kazi yangu ni kuhariri video. Harusi, sendofu, kicheni pati, mara mojamoja maulidi. Chumba changu kipo Sinza, juu ni bati na dari imeishia nusu, na kuanzia Desemba mpaka Machi ukikaa humo saa nane mchana unaijua hali ya mkate uliomo tanurini. Kipimajoto cha ukutani kikisoma 31 usiku, nashukuru Mungu.

Kadi yangu ya grafiki, ile inayotengeneza picha na kubeba kazi nzito ya video, ni GTX 1070, ule muundo wa Nvidia wenyewe uliotoka Juni 2016. Ina feni moja ya duara, kama gurudumu la kuchezea panya, inayovuta hewa ndani ya kasha na kuitemea nje kupitia mgongo wa kompyuta. Kwa kasha dogo ni akili nzuri, joto halibaki ndani. Lakini kelele! Chipu yake kuu ikifika nyuzi 83 kadi inaanza kujipunguzia mwendo yenyewe, na kabla haijafika huko ile feni inakuwa inalia kama kikaushio cha saluni. Mimi narekodi sauti ya msimulizi chumba hichohicho. Nikikumbuka nilivyokuwa nazima kazi ya kutoa video ili nirekodi dakika mbili za maneno, halafu naianza upya, najionea huruma.

Shemeji yangu anafuata mizigo Dubai. Safari moja akaniletea kipozeo kikubwa cha feni tatu, mtumba, kimo kwenye boksi lake, pamoja na mfuko wa vidude vya alumini vyenye meno kama kitana na ukanda wa gundi wa kuvibandikia. (Mafundi wengi hapa mjini kipozeo wanakiita “kula”, kutoka neno la Kiingereza “cooler”. Mimi siwezi kumwambia mteja kwamba kula yangu imeharibika, kwa hiyo naandika kipozeo.)

Nilikifunga Jumapili. Ukiuvua mfuniko wa kiwandani unakuta chipu iko uchi. Haina kofia ya chuma kama prosesa, ni silikoni tupu ya milimita za mraba 314, inang'aa kama kioo, na pembe zake hazitaki mzaha. Kuizunguka kuna chipu nane nyeusi za kumbukumbu, kila moja GB 1. Upande mmoja zimejipanga koili za kijivu, na pembeni yake mstari wa vidude vyeusi vidogo ambavyo sikuvitazama mara mbili. Nilisafisha chipu kwa spiriti, nikatia pesti ya joto inayosaidia chuma kunyonya joto la chipu, nikabandika vidude vya alumini kila mahali mchoro uliponielekeza, nikaweka kipozeo na kukaza skrubu kwa msalaba: hii robo duru, ile ya mkabala robo duru, narudi. Hapo sikukosea. Nilishaona kadi ya mtu iliyomeguka pembe kwa sababu alikaza skrubu moja mpaka mwisho kabla ya kugusa nyingine.

Nikawasha. Picha ipo. Nikaipa kadi kazi nzito, nikatazama namba: 45, 63, 79, 88. Sekunde kumi. Nikasimamisha. Namba ikaanguka mpaka 47 kabla sijavuta pumzi.

Wakati ule niliona balaa tu. Baadaye nilielewa kwamba ule mwendo ulikuwa unaniambia kila kitu. Joto likipanda na kushuka kwa kurukaruka namna ile, chuma hakijaikalia chipu sawasawa. Joto linazaliwa na halina pa kuingia. Kama shida ingekuwa hewa, namba ingepanda polepole, dakika kumi, kumi na tano, mpaka chuma chote kichoke, na ukisimamisha kazi ingeshuka kwa uvivu vilevile. Siku hizi mtu akiniambia kadi yake inafika 85, swali langu la kwanza ni imechukua muda gani kufika.

Nilifungua. Pesti ya pembe tatu ilikuwa imebanwa ikawa utando wa kijivu unaopitisha mwanga. Pembe ya nne ilikuwa nene, imelala kama siagi ambayo kisu hakijaigusa. Nikageuza kipozeo chini ya taa na kuona mkwaruzo mpya unang'aa kwenye bomba moja la shaba. Kidude kimoja cha alumini juu ya chipu ya kumbukumbu kilikuwa kirefu kuliko wenzake, bomba limekikalia, na kipozeo kizima kimeinuka upande huo kama meza yenye karatasi chini ya mguu. Unene wa ukucha. Nikakitoa, nikaweka kifupi, nikasafisha, nikarudia.

Kisha feni. Waya wa feni za kipozeo ulikuwa na kichwa cha kawaida cha pini nne kama cha feni za kasha, ilhali tundu la kwenye kadi ni la pini nne ndogo, vichwa haviingiliani. Waya wa kuunganishia haukuwemo kwenye boksi, hiyo ndiyo mitumba. Nikachomeka feni kwenye madabodi. Kadi ikapata kazi, feni zikabaki zinatembea taratibu, namba ikapanda kwa ule mwendo wa uvivu mpaka 80. Bila shaka: madabodi inatazama joto la prosesa, na prosesa ilikuwa imetulia, kazi yote inafanywa na kadi. Nilipata programu ya bure inayosoma joto la kadi na kuziamuru feni za madabodi. Nikatulia.

Nilipotoa video ya kwanza nzima mchana wa joto, chipu ilisimama kwenye 61. Sitini na moja! Kadi ileile, chumba kilekile, na kimya cha kusikia saa ya ukutani. Nilimwita mdogo wangu aje aone namba. Akatazama, akasema, “Kaka, sasa si upunguze feni zaidi? Zinapoza nini tena?” Nikaona ana hoja. Nikashusha feni mpaka chipu ikatulia kwenye 66, na sasa hata saa ya ukutani ikawa ndiyo kelele.

Siku mbili baadaye kioo kikazima.

Sitasimulia siku tatu zilizofuata kwa urefu wake, maana zilikuwa za upumbavu. Nilianza na draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Nikaifuta kwa programu ya kusafishia mabaki, nikaweka ya zamani, nikaweka mpya. Windows ilikuwa imeandika kwenye kumbukumbu zake kwamba draiva ya grafiki imeacha kuitikia, na mimi nikasoma hilo kama hukumu ya draiva. Ni sawa na kumlaumu mlinzi aliyepiga kelele kwamba ndiye mwizi.

Kisha nikalaza kasha ubavu, nikafungua mlango, nikatoa video nzima bila tatizo. Nikalisimamisha, nikafunga mlango: dakika 25, weusi. Nikalaza: salama. Nikasimamisha: weusi. Nikajiambia basi ni uzito. Kipozeo hiki kizito kinaivuta kadi chini, mguu wake wa dhahabu unalegea kwenye tundu. Kisa kama hicho kipo, na kadi yangu kweli ilikuwa imeinama unaona kwa macho. Nikakata kalamu ya mpira, nikaisimamisha chini ya ncha ya kadi kama nguzo. Kadi ikanyooka. Dakika 25, weusi.

Nikapunguza kikomo cha umeme wa kadi hadi asilimia 70. Hapo ikatoa video nzima, imesimama, mlango umefungwa. Nikapiga paja: pawa saplai! Mdogo wangu akaniazima ya kwake, mpya kabisa, tukabadilisha nyaya zote tukiwa tumetoka jasho kama wapiga makasia. Nikarudisha kikomo asilimia 100. Dakika 24.

Na muda wote huo chipu haikuvuka 66. Hilo ndilo lililonifunga macho. Kila nilipoanza kuwaza joto, niliitazama ile namba nikaacha kuwaza.

Aliyenitoa gizani ni fundi simu wa Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kijana ambaye kadi ya grafiki hajawahi kuishika maishani. Nilikuwa nimempelekea simu ya mke wangu iliyokuwa inakula chaji. Akafungua, akaiwekea umeme, akaielekezea kamera ya joto, na kwenye kioo chake kidude cha ukubwa wa punje ya mtama kikawaka cheupe katikati ya ubao wa buluu. “Huyu hapa,” akasema. Nilisahau simu.

Kesho yake nilirudi kwa bajaji na kasha la kompyuta mapajani, kioo kidogo cha inchi 17 kwenye mfuko wa salfeti.

“Kaka, mimi ni wa simu,” alisema akiona mzigo.

“Najua. Nataka kamera yako tu, nusu saa. Nitakulipa.”

“Lete basi. Weka hapo, ila mwache mama apite na maandazi yake.”

Kasha likiwa limesimama, kadi inalala kifudifudi: mgongo wa ubao juu, vitu vyote vyenye moto vinatazama chini. Mlango ukiwa wazi tuliuona mgongo vizuri. Kabla ya kupima, fundi alikata vipande vya tepu ile ya rangi ya asali wanayotumia kwenye simu, akabandika juu ya alama za risasi. Nikamuuliza ya nini. “Chuma kinachong'aa kinaidanganya kamera,” akasema. “Kinakuonyesha joto la uso wako badala ya la kwake. Tepu haidanganyi.” Hilo nililibeba bure.

Nikaanzisha kazi, nikaegemeza mlango tukiacha mwanya. Dakika tano, mgongo wa chipu ulikuwa rangi ya chungwa iliyopoa, sitini na kitu, sawasawa na programu yangu. Lakini pembeni, kwa kutokea kwenye soketi ya umeme, mstari mwembamba ulianza kuiva. 84. Dakika ya kumi na mbili, 97. Yule kijana alikuwa ameacha kazi zake, ameshika kidevu. Dakika ya ishirini na kitu, kwenye tepu ya tatu, kamera ilisoma 112. Kioo cha inchi 17 kikawa cheusi.

“Mgonjwa wako huyu hapa,” akasema. “Hawa ni kina nani?”

Hawa ni mosfeti, vile vidude vyeusi nisivyovitazama mara mbili. Kazi yao ni kuzipokea volti 12 za pawa saplai na kuzikatakata mpaka ziwe volti moja hivi, ndiyo inayoliwa na chipu, makumi ya ampia kwa wakati mmoja. Ukikata umeme namna hiyo lazima upoteze sehemu yake kama joto. Wakizidiwa, umeme wa chipu unakatika, kadi inazimika, kompyuta nyingine haina habari, singeli inaendelea. Na kwenye kadi yangu hakuna programu inayoweza kukuonyesha joto lao. Namba niliyokuwa nikiiabudu ilikuwa ya chipu peke yake.

Tukazima, nikachungulia chini kwa tochi ya simu. Kwenye sakafu ya kasha, juu ya pawa saplai, vidude viwili vya alumini vilikuwa vimelala chali. Cha tatu kilikuwa kimeteleza, kinaning'inia kama popo kwa ncha moja ya gundi. Kingedondokea mahali pabaya na kuunganisha pini mbili, leo ningekuwa nasimulia habari nyingine. Kumbe ndiyo maana kasha likilazwa mambo yalikuwa mazuri: kadi ilisimama wima, vidude vilivyobaki havikuvutwa tena moja kwa moja kutoka kwenye mosfeti, na mlango wazi ukaleta hewa.

Usiku ule nilitoa mfuniko wa zamani chini ya kitanda. Naukumbuka kuliko kitu kingine chochote katika kisa hiki. Nikaugeuza. Kwenye bamba lake la ndani zilikuwepo pedi za joto za kiwandani, laini kama ubani uliotafunwa, na kila pedi imechapwa alama ya kilichokuwa chini yake. Mraba, mraba, nikahesabu nane: kumbukumbu. Kisha ukanda mrefu wenye vishimo vidogo vilivyopangana kama meno ya mtoto: mosfeti, mmoja baada ya mwingine. Ile feni yenye kelele niliyoitukana miaka yote ilikuwa inapuliza juu ya bamba hili lote. Mimi nililitoa, nikaipa chipu kipozeo cha kifalme, na hao wengine nikawapa gundi. Halafu, kwa kuwa chipu imepoa, nikashusha feni, nikawanyima hata ule upepo mdogo waliokuwa wanaupata. Kadiri chipu ilivyozidi kupoa ndivyo nilivyozidi kuwachoma.

Na gundi ilifeli kwa sababu yangu. Pedi za zamani huacha mafuta. Nilipopitisha pamba nyeupe juu ya mosfeti ilirudi na utelezi usio na rangi, hauonekani lakini vidole vinaujua. Siku ya kwanza nilisafisha chipu mara tatu kwa spiriti, mosfeti nikazifuta kwa kitambaa kikavu. Mgeni rasmi alipewa kiti, wapishi wakaambiwa wasimame jikoni.

Sikutaka tena kitu cha kubandika. Nilikwenda Gerezani kwa mzee anayetengeneza amplifaya, nikamwamkia, nikamweleza. Alinikatia kipande cha alumini kutoka kwenye amplifaya mfu, chenye mapezi mafupi, akaniambia kitanitosha nikikipiga tupa. Nilikipiga tupa jioni mbili. Lazima kiwe chembamba kisiguse koili upande wa kulia wala kapasita upande wa kushoto, na kifupi kisigote kwenye kipozeo kwa juu. Nilishalipa ada ya somo hilo. Nikatumia matundu mawili ya skrubu yaliyokuwa yanashikilia bamba la kiwandani, na vipete vya plastiki (washa) pande zote mbili ili alumini isiguse njia ya umeme popote. Chini nikaweka pedi mpya ya milimita moja. Kabla ya hapo alkoholi kali niliyoipata kwa yuleyule fundi simu, na pamba, mpaka pamba ikarudi kavu. Kumbukumbu zote nane nazo nikazirudia upya, kibandiko kimoja kimoja.

Feni nikazipandisha. Sasa hazishuki chini ya nusu ya mwendo wakati kadi iko kazini, hata chipu ikiwa inasoma 58. Ni kelele kidogo, kama jiko la gesi chumba cha pili, na kwenye maikrofoni haiingii. Nilirudi kwa kijana wa Aggrey kupima: kwenye tepu ileile ya tatu, baada ya dakika 40, 78. Alichukua elfu kumi na tano kwa siku zote mbili, na akaomba siku mtoto wake akihitimu chekechea nimfanyie kavideo.

Kalamu ya mpira nimeiacha palepale chini ya kadi. Haikuwa na kosa, na kadi kweli ilikuwa imeinama.

Harusi niliitoa usiku huohuo, kikomo asilimia 100, kasha limesimama, mlango umefungwa, na ule usafishaji wa chenga za picha za ukumbini ambao ndio unaoila kadi kuliko kitu chochote. Sikulala. Nilikaa kwenye stuli na tochi, kila nusu saa nachungulia sakafu ya kasha kama anayetafuta nge. Saa kumi na moja kasoro, adhana ikiwa inaanza upande wa Mwenge, ikafika asilimia 100. Nikampakia mama faili, nikajitupa kitandani.

Saa tatu asubuhi simu ikalia. Ujumbe wa sauti, wa tano.

“Mwanangu, hongera, video nzuri sana, tumelia wote hapa. Ila kwenye keki umemkata shangazi yake. Shangazi mkubwa, mwanangu! Yule ndiye aliyetoa ng'ombe. Naomba umrudishe leoleo.”

Nikaamka, nikawasha mashine, nikachungulia chini kwa tochi kwanza.